Pikapu kuukuu ya kwendea kazini: anza na chasisi

Kaka, umeuliza kama Hilux ya dizeli ya 1988 itakufaa kwenda na kurudi kazini kila siku, Wete hadi Chake Chake. Injini isikutie hofu. Haina mambo ya kompyuta, na fundi mzoefu wa hapa Pemba ataifungua na kuifunga bila kubabaika.

Hofu yangu ni kutu. Muulize anayeuza ilikuwa ikibeba nini. Kama ni samaki, basi maji ya barafu na chumvi yamekuwa yakichuruzika kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, miaka yote hiyo. Ingia chini yake na bisibisi, ugongegonge pale springi za nyuma zinaposhikia. Ukisikia mlio mzito wa chuma, vyema. Ikilia kama debe, au bisibisi ikazama, mrejeshee ufunguo wake. Na rangi mpya huko chini isikufurahishe. Mimi niliwahi kununua moja imepakwa lami inang'ara. Miezi minne tu, bodi ya nyuma ikaanza kulalia upande.

Iwashe asubuhi injini ikiwa baridi, siyo mwenyewe keshaipasha. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ulibadilishwa lini? Asipojua, hesabu gharama hiyo ni yako.

Ikiwa tupu itakurusha kweli, maana springi zake ni za mzigo. Kama una karafuu au mbao za kubeba, chasisi ikiwa nzima, ichukue. Kama ni wewe na mkoba wako tu, pikipiki yatosha.