Waranti ya nyongeza ya Kindle: angalia kwanza inalipia nini

Dada yangu, umeuliza kama uongeze hela ya waranti ya miaka miwili kwenye Kindle (kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki) ambayo kaka yako atakununulia Marekani na kukuletea Dar. Mimi ningeiacha.

Waranti ya kawaida kule ni mwaka 1, nayo inahusu kasoro za kiwandani tu. Ukiiangusha au ukiikalia, imekula kwako. Na kinachoua vifaa hivi mara nyingi ni kioo. Vingi vina kioo chembamba sana kilichojificha ndani, chini ya ule uso unaougusa. Changu cha kwanza kilibanwa na chupa ya maji ndani ya begi, kwenye daladala. Juu hakikuwa na hata mkwaruzo, lakini nusu ya ukurasa ilijaa mistari myeusi isiyofutika.

Kwa hiyo waranti ya nyongeza isiyotaja ajali haikusaidii kitu. Hata ikizitaja, uliza: wanapokea dai kutoka Tanzania? Gharama ya kukirudisha ni ya nani? Hela hiyo nunulia kava gumu linalofunika kioo chote. Ungekuwa unaishi hukohuko Marekani, tena na watoto wadogo nyumbani, ningekuambia lipia ile inayofidia ajali.