Kiraka mezani, uzi kapuni: kwa anayeanza kushika kazi mbili nyumbani

Wengi wanaoanza kushona mfarishi wa viraka huku wanafuma sweta huzipa kazi hizo zamu: leo hii, kesho ile. Ndiyo maana zote mbili hulala. Viraka vinataka meza nzima, mwanga wa mchana, pasi iliyokolea moto na saa mbili bila kuitwa. Kufuma kunataka kiti na mikono tu. Basi gawa kwa saa, usigawe kwa siku. Asubuhi watoto wakiwa shuleni, meza ni ya viraka. Jioni maharagwe yakiwa juu ya mbabula (jiko la makaa), au umeme ukiwa umekatika, kapu la uzi ndilo linalofunguliwa, bora uzi wenyewe uwe wa rangi ya mwanga. Uzi mweusi au wa buluu nzito usiufume kwa taa ndogo. Kitanzi kikidondoka hutakiona mpaka kesho, na kitakuwa kimeshuka mistari ishirini.

Jambo la pili: kazi mbili zisifike kwenye ugumu kwa pamoja. Ugumu wa mfarishi uko kwenye kukata na kwenye kuunganisha tabaka tatu. Ugumu wa sweta uko makwapani na shingoni, pale unapopunguza vitanzi kwa hesabu. Ukiwa unakata viraka, sweta iwe kwenye mgongo, mistari minyoofu isiyotaka kuhesabu sana. Ukifika shingoni, mashini ishone viraka vya mstari tu.

Tuchukue mfano wa mfarishi wa mtoto mchanga, sm 80 kwa sm 100. Viraka ni 80, nane kwa kumi. Kila kimoja kikatwe sm 12 kwa sm 12, mshono uchukue sm 1 kila upande, kibaki sm 10. Ukinunua kitenge cha upana wa sm 120, viraka tisa vinaenea kwa upana ukishatoa kingo, kwa hiyo mita moja na robo inatosha kwa vyote. Lakini Bukavu hapa hakuna haja: washonaji wa Kadutu wana mabaki mazuri kuliko unavyodhani, na mfarishi wa vitenge kumi tofauti unapendeza kuliko wa viwili.

Kitenge kipya kifue kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke safi. Wanga wa dukani utatoka na kitambaa kitarudi ndani kidogo. Asiyefua kabla ya kukata atayaona hayo baada ya kumaliza: nyekundu imeingia kwenye nyeupe, na kiraka kimoja kimevuta vingine vikakunjamana.

Kosa linaloharibu mifarishi mingi ni la milimita moja. Mstari wa viraka vinane una mishono saba. Mshono ukinenepa mm 1 tu, unakula mm 2 kwa kila unganisho, na mstari mzima unapungua mm 14. Mstari wa pili ukiushona siku nyingine kwa mkono uliotulia, pembe hazikutani tena, hata uvute namna gani. Dawa yake ni sparadra, ile plasta ya kubandika. Pima sm 1 kutoka ncha ya sindano kwenda kulia, bandika kipande cha sparadra juu ya bamba la mashini, na ukingo wa kitambaa ufuate sparadra hiyo. Macho yasifuate sindano. Kila mstari ukiisha, ulaze mezani upime: lazima uwe sm 82, kwa sababu ncha mbili bado zina sm 1 ya mshono kila moja. Ukipata sm 80 na nusu, fumua sasa hivi. Kufumua mstari mmoja ni dakika kumi. Kufumua mfarishi ulioungwa ni kilio.

Pasi: mstari wa kwanza mishono yote ilalie kulia, wa pili ilalie kushoto. Ukiiweka pamoja, mishono inashikana kama meno na pembe zinajipanga zenyewe. Pasi ya makala ipitishwe kwanza juu ya tambara kuukuu, maana jivu moja likidondoka kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa urahisi.

Tabaka la kati linaweza kuwa blanketi kuukuu jepesi, lililofuliwa. Kitambaa cha chini kizidi sm 5 kila upande: viraka vilivyoungwa bado ni sm 82 kwa sm 102, basi chenyewe kiwe sm 92 kwa sm 112. Kitandaze sakafuni uso ukiangalia chini, kibane kwa sparadra, weka blanketi, weka viraka, kisha piga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, mistari iachane sm 10. Ukianzia pembeni, kitambaa kilicholegea kinasukumwa mpaka katikati na kufanya kunyanzi upande wa chini ambapo huoni. Kwa tabaka hizo tatu badilisha sindano ya mashini: namba 14 ya kuunga viraka inaweza kuvunjika au kuruka, weka namba 16.

Sasa kapu la uzi. Sweta ya mtoto wa miezi sita yenye mgongo wa sm 26 hula takriban gramu 150 za uzi wa unene wa kati, mafundo matatu ya gramu 50. Nunua yote siku moja, na kwenye lebo linganisha namba ya rangi pamoja na ile ya mkupuo, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Mikupuo miwili ya rangi moja huonekana sawa sokoni na tofauti kifuani. Uzi usio na lebo, fuma mistari miwili kwa fundo hili na miwili kwa lile, tofauti itapotea.

Fuma kipande cha majaribio, angalau sm 12 kwa sm 12, na uhesabu vitanzi ndani ya sm 10 za katikati. Ukipata 22 kwa sindano za mm 4, mgongo wa sm 26 unataka vitanzi 57. Mkono unaokaza ukipata 24 na bado ukaanzisha 57, mgongo utatoka karibu sm 24, mbele vivyo hivyo, na sweta nzima imepungua sm 4. Mtoto haingii. Panda kwenye sindano ya mm 4.5 ujaribu tena.

Ukiitwa, maliza mstari kwanza. Kazi ikiachwa katikati ya mstari, vitanzi vya hapo vinatanuka na alama inabaki. Ukilazimika kuiacha, kumbuka hili: ukirudi, sindano yenye uzi unaoning'inia ikae mkono wa kulia. Ukiishika kinyume utarudi ulikotoka na kufanya tundu. Weka karatasi ndani ya kapu, uandike namba ya mstari ulioumaliza na unaofuata ni wa upande gani. Kwa viraka, kila mstari ubanwe kikaratasi chenye namba na mshale wa juu.

Pini zihesabiwe kabla na baada: zilitoka 40, zirudi 40, hasa kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa. Ukitoka kusafisha sambaza, vile visamaki vya ziwani, nawa kwa ndimu kabla ya kugusa uzi. Harufu hiyo inakaa. Na pasi ya viraka isisogee karibu na sweta. Uzi mwingi wa sokoni ni wa plastiki, ukipata moto unalala bapa na hauinuki tena.

Panga pia kwa majira. Mvua za Bukavu zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na mfarishi wenye blanketi ndani ukifuliwa Aprili unaweza kushinda siku nne ukinuka ukungu. Miezi ya mvua shona na ufume. Kufua kwa mwisho subiri Juni. Uanike juu ya kamba mbili zilizoachana, maana juu ya kamba moja uzito wa maji unavuta mishono ya katikati.