Jibu: Kwa nini alama ya = haitoshi unapochapisha pointa ndani ya kerneli ya Linux

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba draiva yako huchapisha pointa (anwani ya data kwenye kumbukumbu) ya mipangilio mipya, yaani huifanya ionekane kwa wasomaji, kwa alama ya kawaida ya = huku prosesa nyingine zikiisoma, na kwamba imepita majaribio yote kwenye mashine ya x86. Umetaka kujua iwapo rcu_assign_pointer(), makro ya RCU (read-copy-update, mbinu ya kerneli inayowaruhusu wasomaji kusoma data bila kufuli huku ikibadilishwa), ina faida yoyote zaidi ya urembo, na iwapo inaweza kuchukua nafasi ya kufuli (kizuizi kinachomruhusu mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja). Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na la pili ni hapana.

Makro hii ina kazi moja: kuhakikisha kwamba yote uliyoandika ndani ya muundo (struct) mpya yanaonekana kabla pointa inayouelekeza haijaonekana. Katika matoleo ya sasa hutumia smp_store_release(), yaani uandishi wenye sharti kwamba maandishi yote yaliyoutangulia yasiachwe nyuma. Kwenye x86 sharti hilo halihitaji agizo lolote la ziada, kwa kuwa kwa kumbukumbu ya kawaida maandishi ya prosesa moja huonekana kwa nyingine kwa mpangilio ule ule yalivyofanyika, na ndiyo maana majaribio yako yamepita. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine), hata hivyo, haifungwi na tabia hiyo ya mashine. Yenyewe huona tu sehemu mbili za kumbukumbu zisizohusiana, na lugha ya C inairuhusu kubadilisha mpangilio wa kuziandika, hasa pale funksheni ndogo inapomezwa ndani ya kubwa. Kwenye ARM64, hata kompaila ikiheshimu mpangilio wako, prosesa yenyewe inaweza kuuvuruga. Hapo makro hutoa agizo la stlr, yaani uandishi wenye sharti hilo, na kwenye PowerPC hutanguliza lwsync, agizo la kulinda mpangilio.

Niliwahi kukabidhiwa draiva ya mtandao iliyoandikwa kama yako, ambayo ilikuwa imehudumu kwenye seva za x86 bila malalamiko, kisha ikahamishiwa kwenye bodi za ARM64. Chini ya mzigo mkubwa ilianza kutupa pakiti chache zisizo na kasoro yoyote. Msomaji (msimbo unaoisoma pointa) alikuwa anaipata pointa mpya, lakini akifungua muundo anakuta kikomo cha ukubwa bado ni sifuri iliyoachwa na kzalloc(), funksheni inayotenga kumbukumbu na kuijaza sifuri, kwa kuwa thamani halisi ilikuwa haijamfikia. Kila tulipoongeza printk(), funksheni ya kuandika ujumbe kwenye kumbukumbu za kerneli, karibu na eneo hilo, tatizo lilijificha, jambo la kawaida kwa hitilafu za aina hii na sababu mojawapo ya kutoziamini printk() katika uchunguzi kama huo. Dawa ilikuwa mstari mmoja upande wa mwandishi, kutumia rcu_assign_pointer() badala ya =, pamoja na kurekebisha wasomaji.

Jambo ninalolikuta mara nyingi zaidi ninapokagua msimbo wa wengine, hata hivyo, ni makro kuwapo lakini mahali pasipofaa:

    mpya->kikomo = 1500;
    rcu_assign_pointer(kifaa->mipangilio, mpya);
    mpya->muda = jiffies;

Mstari wa tatu, unaoandika muda kutoka jiffies (kihesabu cha muda cha kerneli), kwa kawaida huongezwa baadaye na mtu mwingine, na kwa macho hauna kosa lolote. Lakini muundo umekwisha kuchapishwa, na sharti la makro halihusu chochote kinachofuata baada yake. Kwa maoni yangu, kuchapisha kuwe tendo la mwisho kabisa kwa muundo huo, na ni heri kuandika maelezo mafupi hapo juu yake yanayosema hivyo.

Upande wa msomaji, tumia rcu_dereference() ndani ya rcu_read_lock() na rcu_read_unlock(), uisome pointa mara moja tu, kisha uifanyie kazi nakala uliyoihifadhi. Ukiisoma mara mbili, unaweza kupata kikomo cha mipangilio ya zamani na muda wa mipangilio mipya, ukajenga uamuzi juu ya mchanganyiko ambao haujawahi kuwapo. Usiilinganishe pia pointa hiyo na anwani ya kitu kinachojulikana kisha ukaitumia kusomea data, kwa sababu kompaila ikishajua kwamba zinalingana inaweza kuitumia ile anwani nyingine, na utegemezi uliokuwa unalinda mpangilio wa usomaji ukakatika.

Kuhusu kufuli: makro haimzuii mwandishi wa pili. Wawili wakichapisha kwa wakati mmoja, mmoja atafutwa kimyakimya na muundo wake utabaki bila mtu wa kuuachilia. Bakiza kufuli la waandishi, na ndani yake tumia rcu_replace_pointer(), ambayo huweka pointa mpya na kukurudishia ya zamani. Hiyo ya zamani usiiachilie papo hapo kwa kfree(), inayorudisha kumbukumbu mara moja, maana huenda kuna msomaji ambaye bado anaishika. Tumia kfree_rcu(), inayosubiri wasomaji waliopo wamalize kabla ya kuachilia, au ita synchronize_rcu(), inayosubiri vivyo hivyo, kwanza kama uko mahali panaporuhusu kulala, yaani kusimama na kusubiri.

Utakutana pia na RCU_INIT_POINTER(), ambayo haina sharti la mpangilio. Inafaa unapoweka NULL (pointa tupu), au wakati ambapo hakuna msomaji anayeweza kuifikia pointa, au muundo ulikwisha kuonekana kwa wasomaji na haujabadilishwa tangu hapo. Kwa NULL huna haja ya kuhangaika, kwa kuwa rcu_assign_pointer() yenyewe ikiona thamani hiyo wakati wa kukompaili hushuka hadi uandishi mwepesi wa WRITE_ONCE().

Kabla ya kutuma kiraka chako, weka alama ya __rcu kwenye tamko la pointa, endesha make C=1 ili sparse, chombo cha kukagua msimbo, ikuonyeshe kila mahali palipobaki na =, kisha ujaribu draiva kwenye kerneli yenye chaguo la ukaguzi la CONFIG_PROVE_RCU, ambayo italalamika msomaji akitumia rcu_dereference() nje ya eneo linalolindwa.