Mashine ya kufulia inasimama katikati na maji yamebaki ndani

Pole sana dada. Kama inajaza maji, inafua vizuri, halafu ikifika kwenye kukamua inagoma na maji yamebaki ndani, anza na chujio la pampu kabla hujampa fundi hela. Zima, chomoa plagi ukutani, kama ulifulia maji ya moto subiri yapoe kwanza, halafu angalia chini kwa mbele kuna kifuniko kidogo, weka sinia na matambara ufungue taratibu maana maji yatamwagika mengi kuliko unavyodhani. Humo ndo utakuta sarafu, vifungo, manyoya ya taulo, hata kisoksi cha mtoto. Safisha, rudisha ukaze vizuri. Cheki na paipu ya maji machafu huko nyuma isije ikawa imejikunja.

Chujio likiwa safi, jaribu kupunguza nguo, blanketi moja zito linalala upande mmoja mashine inakataa kuzunguka.

Ila ukisikia harufu ya kuungua, breka ya umeme inakata, au ukiigusa inakupiga shoti, tafadhali usiiwashe tena, hapo ni fundi tu. Na mlango usiulazimishe maji yakiwa ndani, utavunja loki.