Jibu: Mama anaanza dripu Ocean Road, tuulize nini?
Waalaykum salaam dada. Umeuliza mama amuulize nini daktari kabla ya kuanza dripu za dawa za saratani ya titi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, naye kwao Mkoani, Pemba. Anzeni na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa: vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazopokea homoni, vimepimwa? Bila hayo hamtajua kama vidonge vya tamoxifen, vinavyozuia homoni hiyo, vitamfaa. Ugonjwa uko hatua gani, na lengo ni kuponya au kupunguza makali? Dripu ngapi, kila baada ya siku ngapi?

Hili wengi hulisahau: akisharudi Pemba, homa ikifika nyuzi 38 usiku aende wapi? Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, kwa hiyo kungoja boti ya asubuhi ni hatari. Ombeni barua ya kuonyesha hospitali ya Abdalla Mzee, hapo Mkoani, inayotaja dawa na tarehe ya dripu ya mwisho. Nunueni themomita. Na kama anakunywa miti shamba, mwambieni daktari, msione haya.