Silverado ya 2003: msimbo P0446 na pampu inayokatika kituoni

Ndugu, taa ya injini ikiwaka na msimbo P0446 (kompyuta inaona kasoro kwenye njia ya kupumulia ya mfumo wa mvuke wa petroli), na pampu ya kituo cha mafuta inajikata kila ukijaza kabla tangi halijajaa, usikimbilie kununua kifuniko cha tangi. Kifuniko kikivuja kwa kawaida huleta P0455 (mvuke unavuja sana) au P0442 (unavuja kidogo). Hapa tangi halipumui.

Ingia chini ya gari, injini ikiwa baridi, utafute vali ya kupumulia ya kopo la mkaa, yaani kopo linalonasa mvuke wa petroli kutoka tangini. Kwenye pikapu hizi za GM inakaa mahali pa kunyonya vumbi la barabara, ndio ugonjwa wao. Ichomoe uipulize kwa bomba safi la mpira: bila umeme hewa ipite; ukiipa volti 12, lazima ijifunge. Imeziba? Badilisha, na mpya uifunge juu zaidi, palipo safi. Ikiwa nzima, kagua plagi na waya, kutu hupenda pale. Ukikuta punje nyeusi za mkaa ndani ya bomba la mpira la vali, kopo lenyewe limepasuka. Vali mpya peke yake haitadumu.

Na pampu ikijikata, usiendelee kushindilia tone la mwisho. Petroli ikifika kwenye kopo huharibu mkaa. Ukishafuta msimbo, acha tangi kati ya robo na robo tatu, uwashe gari asubuhi likiwa baridi, kompyuta ijipime.