Kilima si mteremko: kwa wanaosoma graviti

Nilipokuwa kidato cha sita hapa Pemba nilikosa swali ambalo hadi leo naliona. Sayari mbili zenye tungamo sawa, na nukta katikati yao. Uga wa graviti, yaani nguvu inayovuta kila kilo, hapo ni ngapi? Na potensho, yaani nishati ya kila kilo kutokana na mahali ilipo, je? Nikaandika sifuri, kisha sifuri tena. La kwanza nilipata, la pili nilikosa, na kosa hilohilo nalikuta kila mwaka kwenye madaftari ya vijana ninaowasomesha jioni.

Kilichonifungua macho ni baiskeli. Anayetoka Chake Chake kwenda Mkoani anaijua njia ile: unapanda, unashuka, unapanda tena. Juu kabisa ya kilima, pale palipo bapa, baiskeli haiendi mbele wala nyuma. Kwani kwa kuwa haivutwi ndiyo uko usawa wa bahari? Hata kidogo. Potensho ni kimo cha mahali. Uga ni ukali wa mteremko. Na ile alama ya kutoa katika g = −dV/dr (g ni uga, V ni potensho, r ni umbali), ambayo wengi huiruka, inakwambia mvuto unaelekea kule potensho inakoshuka.

Basi ukifuata mstari unaounganisha sayari zile, nukta ya katikati ni mgongo wa kilima baina ya mabonde mawili. Mteremko hakuna, lakini potensho ni −4GM/d, G ikiwa namba isiyobadilika ya graviti, M tungamo la kila sayari, na d umbali wa kitovu hadi kitovu. Uga una mwelekeo, kwa hiyo huku na huku hukatana. Potensho haina mwelekeo: hasi ikijumlishwa na hasi, huzidi kuwa hasi.

Ukitaka namba, simama chini ya mkarafuu msimu wa kuchuma. Ami yangu yuko tawini, mita 10 juu, upembo mkononi, kamba imemkaza kiunoni. Kila kilo ya karafuu iliyo kule ina jouli 98 zaidi kuliko kilo iliyoanikwa jamvini. Gawa 98 kwa 10, unapata nyutoni 9.8 kwa kilo. Ndiyo g yenyewe! Potensho hapa usoni mwa dunia ni kama jouli milioni 62.6 hasi kwa kilo, maana sifuri tumeiweka mbali kusiko na mwisho, lakini g haiulizi ukubwa huo. Inauliza tu: ukipanda mita moja, imebadilika kiasi gani?

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya kukimbilia fomyula, choreni grafu ya potensho na umbali, kisha wekeni rula iguse mkunjo. Ukiwa mbali na kitovu cha dunia mara mbili ya nusu kipenyo chake, potensho ni nusu ya ile ya usoni, ila uga umebaki robo. Wiki iliyopita kijana mmoja aliisogeza rula yake taratibu kuelekea kulia, akaitazama, akasema, "Mwalimu, kumbe inalala."